Upande wa Ukutani

Dada yangu kipenzi,

Kabla sijakuamkia, ngoja nikuambie alichofanya mwanao sasa hivi. Nilikuwa nimeinama natafuta kalamu chini ya kitanda, yeye kajikalia kimya kwenye kona, na unajua mtoto akinyamaza ujue yuko kazini. Mara nikasikia gauni linavutwa. Kafungua kiganja, ndani kuna kipande cha rangi alichokibandua ukutani, ananipa kama zawadi. Akaniambia ni biskuti. Nilimnyang'anya kabla hakijafika mdomoni, akalia, kilio kikageuka kikohozi, na kikohozi hicho ndicho kilichonifanya nikuandikie leo badala ya kesho.

Kipande chenyewe ninacho hapa kando ya karatasi. Ukikitazama ubavuni unaona rangi zimelaliana kama kurasa za daftari lililolowa maji. Juu kijani, chini yake samawati, halafu manjano. Hizo tatu nazijua, nimeishi nazo. Chini ya manjano kuna rangi ya waridi, na hiyo si yetu. Na chini ya waridi ni weusi mtupu. Nitakueleza.

Shikamoo dada. Mgongo unaendeleaje? Cherehani bado inakupigia makelele, au ulishaitia mafuta? Na Mama, magoti yake yanamruhusu kufika kibarazani? Mwambie namuota, na katika ndoto ananigombeza, kwa hiyo najua ni mzima. Sisi huku tupo, tunavuta pumzi, ingawa mmoja wetu anaivuta kwa shida.

Ningekupigia, lakini simu tunayo moja na inashinda mfukoni mwa shemeji yako. Maneno haya siwezi kuyapitisha mfukoni mwake. Barua nampa mama muuza mitumba, yule unayemshonea nguo zilizofumuka kabla hajaziuza. Yeye mwenyewe yumo katika habari hii, utamkuta mbele. Mwandiko usinicheke. Shule niliiacha kabla haijanizoea.

Unakumbuka siku niliyokupigia kukuambia nimepata chumba kinachong'aa kama kikombe kipya? Shemeji yako alinifumba macho na viganja vyake vinavyonuka tina ya kuzimulia rangi, akanisukuma taratibu mpaka katikati, akaniambia nifungue. Kuta zote manjano, manjano ya kiini cha yai, mpaka kwenye fremu ya dirisha, mpaka kwenye bawaba. Nililia. Wewe na mimi tumelala kwenye nyumba ambayo ukiegemea ukuta unaondoka nao mgongoni, halafu leo mtu ananipakia bawaba kwa ajili yangu. Wewe ulicheka kwenye simu, ukasema rangi ni nguo tu, nimuulize ukuta umevaa nini ndani. Nikasema moyoni, dada naye ana kijiwivu. Nisamehe kwa hilo.

Dirisha halikufunguka, rangi ilikuwa imeligandisha. Akasema afadhali, vumbi la barabarani halitaingia. Kitanda alikisukuma mwenyewe mpaka kikagusa ukuta wa nyuma. Akasema mwanaume hulala upande wa mlango, mwizi akiingia aanze na yeye. Mimi nikalala upande wa ukutani, na mtoto alipokuja tukamweka yeye pale, kati yangu na ukuta, asianguke. Niliona fahari, dada. Nilikuwa nawaambia watu kisimani kwamba wenzangu wana waume, mimi nina askari.

Doa la kwanza lilitokea mimba ikiwa kubwa. Lilikuwa dogo, kama mtu kaegemeza kiwiko chenye jasho. Nikamwonyesha. Akapitisha kiganja, akakinusa, akasema kuna kuta zina ubishi lakini yeye anajua kuzinyamazisha. Ndiyo lugha yao mafundi rangi. Msasa, rangi ya mafuta, koti moja, koti la pili, ukuta umenyamaza. Nilipotoka hospitali na mtoto nikakuta chumba samawati. Akasema ni kwa ajili ya mtoto, azaliwe akute mbingu. Mvua za mwaka huu zilipoanza, doa likarudi, safari hii na wenzake, wakapanda mpaka usawa wa mto wa kulalia. Nikatoka kliniki siku moja nikakuta kijani. Akasema hiyo ni kwa ajili yangu, kwa kuwa nalalamika kichwa, na kijani hupumzisha macho. Kila rangi ilikuja na jina la mtu anayependwa. Ningekataa vipi?

Na kweli kichwa kilikuwa kinaniuma. Nilikuwa naamka nimechoka kama mtu aliyechota maji usingizini. Nagombana na sufuria. Shemeji yako ananiuliza neno dogo namrudishia jibu kubwa. Nguo za kabatini zinanuka kama tambara la kudekia, mkate tukiulaza unaamka na ndevu. Na mwanao, tuliyemwita Chiriku kwa kuwa alianza soga kabla ya meno, siku hizi akianzisha neno kikohozi ndicho kinachomalizia.

Mama mkwe alipokuja kutusalimu alisimama katikati ya chumba, akazunguka kama anayechagua kitambaa, akasifu kazi ya mwanawe. Halafu akanigeukia mimi. Akasema chumba kama hiki, mtoto akiumwa basi sababu isitafutwe mbali. Akasema wasichana wa siku hizi wanamwogesha mtoto kama wanasuza kikombe, maji yanabaki kifuani, ndiyo hayo. Shemeji yako alikuwepo. Alikuwa anakunja mkono wa shati. Akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena. Mimi nikamtetea moyoni, nikasema mtoto wa kiume hambishii mama yake mbele ya mke.

Basi nikasugua. Nilianika godoro mpaka majirani wakaniuliza kama nauza. Nilimvalisha Chiriku sweta mbili, akawa hawezi kuinua mikono, anatembea kama mtu aliyebeba ndoo zisizoonekana. Nilijiona mama mbaya, dada. Kila alipokohoa nilisikia kama ananishitaki.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanichanganya. Kwenye kibaraza cha fundi cherehani ninapokwenda kushona vifungo, ile kazi uliyonifundisha wewe, kuna vumbi, kuna nyuzi, kuna moshi wa pikipiki. Kama kifua cha mtoto ni kibovu, pale ndipo pa kukohoa. Lakini pale Chiriku anakimbia na mabaki ya vitambaa kichwani, anawahutubia wateja, kifua kimya. Na mimi kichwa kinaniacha, naimba. Tukirudi, tukishavuka kizingiti tu, wote wawili tunaanza. Nikadhani labda ni uchovu wa njia.

Nesi wa kliniki aliniuliza mtoto analala wapi. Nikamjibu kwa maringo kwamba analala ukutani, pazuri, pamepakwa rangi. Akauliza nyuma ya ukuta huo kuna nini. Nikasema bafu la wapangaji. Akanitazama kidogo, akasema dawa atanipa, lakini dawa inakaa na mtoto wakati wa kumeza tu, ukuta unakaa naye usiku kucha. Nikatoka nimenuna. Nilidhani ananiita mchafu kwa Kiswahili cha hospitali.

Sasa nikupeleke uani. Mama mwenye nyumba anakaa nyumba ya mbele, naye ananipenda, au nilidhani ananipenda. Chumba kikiwa kitupu akaleta watu wa kukitazama, huwapitisha kwangu kwanza. Anasimama uani anaita kwa ile sauti yake ya asali, Mama Chiriku, binti yangu, njoo uwaeleze wageni. Nami natoka na mtoto kiunoni, nafungua mlango wangu wote, nawaambia hapa pazuri, majirani watulivu, na fundi wa hizi rangi ni mume wangu mwenyewe. Wageni wanamtazama mtoto, wananitazama mimi, wanaona maisha. Wakiondoka mama mwenye nyumba ananipapasa bega.

Ndivyo alivyoingia jirani yangu wa chumba cha pili, binti mdogo kuliko mimi, na kichanga ambacho hata shingo haijakaza. Aliniambia alipaona pengine pa bei sawa, ila alichagua hapa kwa ajili ya uso wangu. Nyuma ya chumba chake ni bafu lile lile. Siku hizi tukishalala namsikia mwanawe anakohoa upande wa pili, Chiriku anamjibu, kama watu wazima wanaoitana shambani.

Sasa nakuja kwa mama wa mitumba. Wiki iliyopita alipita na furushi lake, akalitua mlangoni kwangu akaomba maji. Alipoingia akacheka. Akasema, kumbe Brashi kashafika kijani. Brashi ndilo jina la shemeji yako huko kazini kwao. Nikamuuliza anamjuaje. Akaniambia kabla yetu chumba hiki kilikuwa chake, enzi za rangi ya waridi, yeye na bintiye mdogo. Akaenda moja kwa moja nyuma ya kitanda akaweka kiganja, wala hakupapasa kutafuta. Akasema bado unatoka jasho. Ndiye aliyenieleza kwamba bafu lile lilijengwa bila mfereji wa kutolea maji, watu wakioga maji yanajiendea ukutani, na mama mwenye nyumba anajua miaka yote, ila kulivunja hataki.

Nikasema basi maskini mume wangu hakuambiwa.

Dada, yule mama aliinama. Akafungua furushi akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari. Nikambembeleza aseme. Akasema hakujua kama silijui, alidhani ni jambo la kumsifia mume wangu. Akasema siku Brashi alipokuja kumpakia waridi kwa mara ya pili, bintiye alikuwa amelala pale pale anahema kama kipaka kilichofungiwa. Brashi akamtazama mtoto, akaweka brashi chini, akaenda kufunga mlango. Akamwambia kwa sauti ndogo amtoe mtoto yule humu ndani. Akamwambia ukuta ule yeye anaweza kuupaka ila kuuponya hawezi, wala mtu mwingine hawezi bila kuvunja bafu, na amhamishe mtoto kabla kifua hakijaharibika kabisa. Akamwomba asimtaje kwa mwenye nyumba. Kisha akaenda mwenyewe kumtafutia mkokoteni, akapakia vitanda kwa mikono yake. Yule mama anasema mwanaume mwenye huruma kama yule hajakutana naye tena. Bintiye sasa anaruka kamba.

Chumba kikabaki kitupu. Halafu aliyeletwa humo, amefumbwa macho, ni mimi.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima kama mtu aliyemeza mfupa. Asubuhi yake nikamfuata uani anakoroga rangi. Sikumfokea. Nilimuuliza kama anamkumbuka mwanamke wa waridi. Kile kijiti cha kukorogea kikasimama katikati ya ndoo.

Hakukana. Hilo namhesabia. Alisema tulikuwa hatuna pa kwenda, mimi na mimba, mama yake anamcheka kwamba kaoa kabla ya kuwa na mlango wa kufunga. Mama mwenye nyumba akampa chumba, naye awe anampakia vyumba vyake vyote bila kuuliza uliza. Akasema kwenye vyumba vya watu hupewa siku moja tu, lakini kwenye chumba chake mwenyewe angepata nafasi ya kupambana na ule ukuta pole pole mpaka aushinde. Akasema fundi hawezi kumwambia mkewe kwamba ukuta umemshinda. Halafu akaongeza kwamba hata yeye analala humo humo na hajafa.

Hapo ndipo niliposimama, dada. Nilimuuliza jambo moja tu. Nilimuuliza siku ile alipochagua upande wa mlango, alikuwa anamwogopa mwizi, au ukuta.

Akaanza kukoroga tena.

Uongo ningeumeza, mwanamke humeza mengi. Lakini ule ukimya wake na kile kijiti kinazunguka, umenikaa hapa kooni. Kumbe ukweli anao. Kumbe anajua kuusema vizuri tu, kwa sauti ndogo, na mlango umefungwa, na mkokoteni juu. Aliusema kwa mtu asiyemjua. Mimi, ninayemfulia shati, alininyamazisha kwa makoti mawili mawili. Alimwacha mama yake aninyooshee kidole, naye anakunja mkono wa shati. Na wageni wa mama mwenye nyumba wakija, koti la mwisho la rangi linalopakwa juu ya ukuta ule ni mdomo wangu mimi.

Usimchukie, nakuomba. Jana alimbeba Chiriku begani wakazunguka uani mpaka mtoto akasinzia, na nilimwona anamfuta pua kwa kola ya shati lake jipya. Anampenda. Angekuwa hampendi ningejua pa kuiweka hasira yangu. Hivi sasa naizungusha tu kama mgeni aliyebeba kiti.

Ameniomba nisimwambie jirani. Anasema mama mwenye nyumba akisikia tutalala nje, na kazi zote za nyumba zake zitaota mbawa. Anasema keshanunua rangi nyeupe, nyeupe ya hospitali, nikiiona nitasahau yote. Ndoo iko mlangoni. Jirani nami nimekuwa nikipishana naye kwenye kamba ya nguo, nafungua mdomo, naufunga. Juzi aliniuliza kama najua dawa ya kifua ya watoto wachanga. Nikamwambia nitamtafutia. Niliingia ndani nikajiona na mimi nimeshika brashi.

Leo asubuhi shemeji yako alipokwenda kazini nimevuta kitanda mpaka katikati ya chumba. Nyuma ya mto wa Chiriku ukuta umekuwa laini kama mkate uliochovywa, ndani mweusi kwa ukungu, ndipo alipopata hiyo biskuti yake. Kisha nikachukua kisu cha jikoni nikakizungusha pembeni mwa dirisha, taratibu, mpaka ile rangi ikakatika. Dada, lilifunguka. Kikaingia kiupepo kidogo, hata pazia hakikulishinda, lakini Chiriku akaacha alichokuwa anafanya akainua uso, kama mtu aliyeitwa.

Basi ombi langu ni hili. Kile chumba cha nyuma ya duka lako, ambacho jua linaingia mpaka linawasha mkasi mezani, nitengee kona. Sihitaji kitanda, furushi la vitambaa linatosha. Sitakuja kukalia mikono. Vifungo nitashona, pindo nitakunja, magoti ya Mama nitayakanda. Barua hii mama wa mitumba ataitanguliza leo na basi, mwenyewe anarudi huko kesho kutwa, tutakuja naye. Shemeji yako nitamwambia uso kwa uso, siondoki kama mwizi wa kuku. Akitaka kutufuata siku atakapopata chumba chenye ukuta mkavu, njia anaijua. Sijafunga mlango. Mwanangu apumue kwanza, mengine nitayalia kwa zamu. Nina hakika utamsikia Chiriku kabla hujatuona, maana kifua kikifunguka mdomo wake hauna breki.

Kinachonibana ni jirani. Siwezi kuondoka na mwanangu nikamwacha wa kwake pale nilipomweka kwa mdomo wangu. Na siwezi kusema bila kumwaga unga wa mume wangu. Nimeligeuza jambo hili tangu asubuhi, halina upande mzuri wa kulishika.

Dada, karatasi inaniishia. Mpe Mama mkono wangu, mwambie ameze dawa zake asizifiche chini ya mto, najua anazificha. Nisalimie wale wasichana wako wa cherehani, hasa yule anayecheka peke yake. Nawe jitunze mgongo, usishone ukiwa umejikunja kama

Samahani, nimekatika. Nimeitwa. Mama mwenye nyumba yuko uani, anasema Mama Chiriku, binti yangu, njoo uwaeleze wageni. Nimechungulia kwenye dirisha langu lililofunguka. Ni mume na mke, mke ana tumbo la miezi ya mwisho, keshaanza kutabasamu kabla hajaniona. Jirani naye katoka na kichanga chake, kasimama kwenye kamba ya nguo, anatazama huku.

Nakwenda. Chiriku yuko kiunoni, na kile kipande cha rangi nimekishika mkononi, upande wa weusi juu. Safari hii wakiniuliza hapa tunaishije, mimi nita